Mashine Isiyokwama

Mama anayepiga video za arusi na matanga huko Mboko haulizi rangi ya laptop wala bei yake. Hii ni mara ya tatu anakuja dukani kwangu hapa Baraka, na kila mara anafanya vilevile: anafuta vidole kwenye kitenge, anachomeka flashi yake, anafungua video ileile, kisha anaweka kiganja chini ya mashine kupima joto. Kibandiko kinachosifia karte grafiki, ile kadi ya kuendesha picha, hakisomi. "Karatasi haibebake picha," anasema.

Leo niliinama nitazame naye. Wanawake walikuwa wakijitupa chini, vitenge vinapepea, vumbi linaruka mbele ya jeneza. Nikamuuliza mbona anapima kwa matanga, na arusi anazo tele.

"Ku arusi bantu banachezaka polepole. Apa vyote vinatembea mara moja. Mashine yenye kubeba hii, itabeba yote."

"Ni matanga ya nani, mama?"

"Ya bwana yangu. Niliipiga mi mwenyewe."

Nikageuka kumtazama. Yeye hakuondoa macho kwenye kioo. Jeneza lilipoanza kushuka kaburini, picha ikaganda. Akachomoa flashi.

"Inakwama," akaniambia. "Leta ingine."