Dole la Kushoto la Mosoti

Wewe ukikosa kufika mahali, nani hukutafuta?

Usijibu haraka. Mosoti alifika miaka sabini na mitatu bila kujiuliza swali hilo, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtu wa kutafutwa. Kwa miaka arobaini alitengeneza baiskeli pale Rodi Kopany, kando ya barabara ya kwenda Rongo. Asubuhi akichelewa kufungua, wateja walimfuata hadi mlangoni pake: Mosoti, cheni imekatika, Mosoti, tairi. Alikuja kutoka upande wa Nyamira akiwa kijana mwenye pampu moja na spana mbili. Alijifunza Kijaluo kwa wateja wake, akamwoa Nyanchoka, wakasali Jumamosi na Wasabato wenzao, wakamlea binti mmoja, Joyline, ambaye sasa ameolewa Migori mjini. Kisha pikipiki zikaja na baiskeli zikaisha. Kisha Nyanchoka akafa.

Baada ya mazishi watu walingoja alie. Hakulia.

"Baba, unasikia njaa?" Joyline alimuuliza.

"Sijui."

Alikuwa akisema kweli. Chai ilimpita kooni kama maji yaliyosuuziwa vikombe. Alivaa koti, akakaa kwenye kiti akitazama ukuta, akakaa hivyo mpaka mtu amwambie ni saa saba. Mchungaji alipokuja kumfariji kwa ajili ya huzuni yake, Mosoti alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akamwambia, "Mchungaji, huzuni ni kitu. Mimi sina kitu."

Joyline ndiye aliyepiga simu na kumwandikisha kwenye kituo cha wazee.

Kituo kilikuwa ghala la zamani la pamba lililopakwa rangi mpya. Kilifunguliwa Jumanne na Alhamisi. Wazee walikunywa uji saa nne, wakafanya mazoezi ya kuinua mikono wakiwa wamekaa vitini, wakala saa saba. Akina mama walisuka mikeka ya matete huku redio ikisema Kijaluo pembeni. Kila Alhamisi nesi Akeyo alikuja kwa pikipiki yake kutoka Homa Bay kupima presha na sukari ya yeyote aliyetaka kupanga foleni.

Nafasi zilikuwa arobaini, na walioziomba walikuwa wengi kupita hizo, wengine hadi Rangwe. Kwa hiyo siku ya ufunguzi karani, bwana mmoja wa Kikuria kutoka Ntimaru aitwaye Gisiri, alipanda juu ya benchi akatangaza masharti kwa Kiswahili, na mtu akayatafsiri kwa Kijaluo. Atakayekosa mara tatu mfululizo jina lake litafutwa, aingie mwingine. Na atakayemtilia mwenzake dole kwenye kitabu cha mahudhurio, wote wawili wataondoka. Karibu kila mtu pale alitia dole, hata waliojua kuandika. Ofisi zimewazoesha hivyo wazee wetu: ukifika mbele ya meza, unanyoosha kidole gumba.

Mtu wa kwanza kumsemesha Mosoti mle ndani alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizotiwa hina. Alikuwa ameketi mbele ya ubao wa drafti uliopangwa vifuniko vya soda.

"Mkisii, unajua drafti, ama unajua ndizi tu?"

"Ndizi nazijua kuliko wewe unavyomjua ngamia," Mosoti akajibu. "Umezeekea hapa Rodi. Ngamia umemwona kwa kalenda."

Mzee huyo, Msomali aitwaye Abdirahim, alicheka hadi kofia ikamhama. Aliuza vitambaa na uturi mjini hapo kwa miaka thelathini, akabaki peke yake kwenye chumba cha nyuma ya lililokuwa duka lake baada ya mwanawe, Mohamednur, kuhamishia biashara Migori. Kuanzia siku ile walikaa benchi moja. Mosoti hakuwa na furaha, tusidanganyane. Lakini Jumanne ilikuwa na umbo sasa, na Alhamisi pia. Kuna mtu aliyesema "Mkisii" akimaanisha yeye.

Halafu Alhamisi moja Abdirahim hakuja. Jumanne hakuja tena. Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, Mosoti alikwenda kwake.

"Hodi."

"Nani?"

"Mkisii wako."

"Simama hapo hapo. Usiingie."

Mosoti aliingia. Chumba kilijaa moshi wa udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Abdirahim alikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa kwa shuka iliyochanwa.

"Nilikanyaga msumari," alisema. "Nilijua nilipokuwa natia udhu, nikaona maji yamekuwa mekundu. Mguu wenyewe haukuniambia kitu."

"Njoo kituoni nesi akuone."

"Nije na harufu hii? Mosoti, watu wa mji huu walijua nimepita kwa pua zao. Leo nikipita waseme nini?" Akavuta shuka juu ya mguu. "Utapona. Mpe Mungu wiki moja. Lakini Alhamisi ni mara ya tatu. Nitilie dole."

"Wakituona tutatoka wote."

"Hawataona. Wakinifuta pale, nitakuwa naamka niende wapi?"

Mosoti alijua amri. Alifundisha watoto wa Sabato kutoshuhudia uongo. Alijichungulia ndani akitafuta hofu, au aibu, apate kitu cha kumzuia. Ilikuwa kama kubisha nyumba iliyohamwa.

"Sawa," akasema.

Alhamisi alitia dole la kulia kwenye mstari wake. Kisha, Gisiri alipogeuka kuhesabu vikombe vya uji, alitia dole la kushoto kwenye mstari wa Abdirahim. Hakuwa mwepesi. Foleni nzima ilimwona. Nyuma yake alikuwa Mama Kerosi, msusi wa mikeka, mwanamke mwenye mwili mkubwa. Alitanua leso yake kama anayejifunga upya, akamziba.

"Sogea, mzee, unakausha wino," alimwambia, kisha akapaza sauti kwa ajili ya meza: "Haya, hata Abdirahim leo ameniwahi!"

Mtu mwingine nyuma akaitikia kwamba amemwacha chooni. Hakuna aliyepanga. Ndivyo tulivyo: tukimwona mwenzetu anatishwa na kitabu cha ofisi, tunamficha kwanza, maswali baadaye. Na siku zote tumeuita huo utu.

Wiki zikapita. Dole la kushoto likatua Jumanne na Alhamisi, mara nane, mara tisa. Mosoti alibeba nusu ya chakula chake kwenye mkebe, akampelekea Abdirahim, akakaa mlangoni mwake mpaka ale. Mohamednur alipopiga simu, baba yake alimwambia, "Niko sawa, nimetoka kituoni sasa hivi." Mkebe ulianza kurudi na chakula. Udi uliongezwa. Siku moja shuka ilisogea, Mosoti akaona vidole viwili vimekuwa rangi ya sufuria iliyoungua. Alivitazama. Akasema, "Nesi anakuja Alhamisi." Abdirahim akasema, "Ulinipa neno lako." Mosoti akafunika mkebe akaenda nyumbani, akakaa akitazama ukuta.

Alhamisi ya wiki ya tano, baada ya kupima presha, nesi Akeyo alifungua kitabu cha mahudhurio kama alivyofanya kila wiki.

"Mzee Machuki hajaonekana mara mbili," alisema. "Nani anapajua kwake? Nitapitia leo."

Mosoti alikuwa karibu naye, akikunja mkono wa shati. "Unaenda kumfuta?"

"Kumfuta tena? Naenda kumwona. Mtu akikosa mara mbili lazima nimfikie kabla hajafutwa. Kitabu ni cha kazi hiyo, mzee wangu."

"Hatukuambiwa hivyo."

"Imeandikwa. Iko pale, nyuma ya mlango."

Mlango wa ghala ulikuwa wa mbao nzito, na tangu kituo kifunguliwe ulikaa wazi mchana kutwa, umeegemea ukuta. Mosoti aliuvuta. Nyuma yake palikuwa na utando wa buibui na karatasi moja iliyopigwa chapa, yote Kiingereza. Mosoti alisoma Biblia ya Kikisii, polepole, na Kiswahili cha magazeti. Hiki hakukijua.

"Bwana Gisiri, nisomee."

Gisiri akaja na kalamu sikioni. Sharti la kwanza na la pili yalikuwa yale yale ya kufutwa. La tatu lilisema kila atakayekosa mara mbili atatembelewa nyumbani na muuguzi, na akikutwa mgonjwa nafasi yake italindwa hadi apone.

"Hii mbona hukuisoma siku ile?"

"Muda uliisha," Gisiri alisema. "Mheshimiwa alikuwa anangoja kuhutubia."

Soma sentensi hiyo mara mbili. Kitisho kilitangazwa juu ya benchi kwa lugha mbili ili asiwepo wa kusema hakusikia. Msaada ukaachiwa Kiingereza, nyuma ya mlango usiofungwa.

Mosoti alirudisha mlango ukutani. Kama angenyamaza, angebaki na benchi lake na jina lake. Kama angesema, wangetoka wote wawili, kama Gisiri alivyotangaza, na Abdirahim asingemsamehe. Aliyapima hayo kama mtu anayepima mizigo ya jirani. Kisha akarudi mezani.

"Nesi, mwache Machuki kwanza. Twende kwa Abdirahim."

Akeyo alipitisha kidole kitabuni. "Abdirahim yupo. Mwezi mzima hajakosa hata siku moja. Hili hapa dole lake la leo."

Mosoti aliinua kidole gumba cha kushoto. Wino ulikuwa bado mbichi.

Sindano za mikeka zilisimama. Mtu alizima redio.

"Mzee Mosoti," Gisiri alisema taratibu, "unaelewa unachofanya? Kuna sharti."

"Liandike."

"Tuandike wote basi," alisema Mama Kerosi, bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka wake. "Mimi ndiye niliyeziba."

Akeyo hakungoja kitabu kiandikwe. Alimpakia Mosoti nyuma ya pikipiki. Chumbani alivaa glavu, akafungua shuka tabaka kwa tabaka. Abdirahim hakumtazama nesi. Alimtazama Mosoti.

"Nilikuomba kitu kimoja tu."

Mosoti alibaki mlangoni.

"Weusi huu ulianza lini?" Akeyo akauliza.

"Siku tisa hivi," Abdirahim akajibu.

"Siku tisa zilizopita, kwa kitabu changu, ulikuwa kituoni unakula ndengu." Alisema bila ukali, akifunga bendeji mpya. "Mngeacha mstari mtupu, ningekuja ile wiki ya kwanza. Hata kwa mtu wa sukari, kidonda kilikuwa cha kuosha na kutia dawa tu."

Mosoti aliyasikia maneno hayo yote, moja moja. Alingoja yamfike. Alisimama pale mlangoni akiyangoja, hata gari la hospitali lilipokuja, hata alipomshika Abdirahim kwapani kumwingiza. Mguu ule uligonga kizingiti. Mwenyewe hakushtuka.

Kesho yake, Ijumaa, Mosoti alifika hospitali kubwa ya Homa Bay kabla ya saa mbili. Mohamednur alikuwa amekwishafika kutoka Migori, amesimama kichwani mwa kitanda na simu mkononi. Abdirahim alikuwa amelala chali akitazama dari. Hakuitikia salamu.

Daktari alikuja na kijikaratasi chenye sindano. Akafunua shuka, akachoma kidole gumba cha mguu.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akachoma wayo, mahali pa msumari.

"Hapa?"

"Umeanza?" Abdirahim akauliza.

Akapanda. Kifundo, hapana. Juu ya kifundo, hapana. Muundi, katikati yake, hapana. Kila alipochoma, Mosoti aliitazama ncha ikizama na kutoka, na uso wa rafiki yake haukusogea. Mohamednur akageukia dirishani. Ncha ikapanda tena, shibiri moja chini ya goti.

"Hapo," Abdirahim alisema.

Daktari akarudia mahali pale pale, taratibu zaidi.

"Nimesema hapo."

Daktari akaweka sindano chini, akafungua kalamu kwa meno, akachora kwenye ngozi mstari wa kukatia, kisha akamwomba Mosoti auinue mguu huo kidogo ili auzungushe mstari hadi nyuma.