Kikombe cha Tata

Kwetu Ikonge majani chai yanaanzia nyuma ya jiko na kushuka hadi mtoni. Mama ameyachuma tangu alipoolewa, na ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Lakini mpaka mwaka jana hakuwa amewahi kuonja chai. Kanisa letu, hili la kuabudu Jumamosi, lilitufundisha kwamba chai huchafua mwili, na mwili ni hekalu la Mungu, na mama alikuwa shemasi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi hata hilo gae hatukuwa nalo. Mgeni akija alipewa uji wa wimbi au maziwa moto, apende asipende. Majirani wa madhehebu mengine walitutania kwamba tunakataa chai ya kikombe tu, ile ya chini ya meza tunaipokea kwa mikono miwili.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii, aliinywa ujanani. Alikuwa mkamuaji katika shamba kubwa la ng'ombe huko Nyansiongo, na kila asubuhi baada ya kukamua walipikiwa chai ya maziwa matupu. Aliiacha alipobatizwa, kwa sababu mama alikataa kuolewa na mtu wa nje ya kanisa. Alimpenda mama kuliko chai, hilo nina hakika nalo. Kama alimpenda Mungu kuliko vyote viwili, sijui. Hata hivyo hakuigusa tena. Aliyeanguka ni mimi: nilipopata kazi ya ukarani mjini Kisii nilianza kunywa vikombe vitatu kwa siku, na Ijumaa nikirudi nyumbani nilimumunya peremende njia nzima kama mlevi anayemwogopa mkewe.

Kisha Tata akaugua tumbo, na hospitali ikaturudishia mgonjwa wetu tumtunze nyumbani. Uji aliutapika. Maziwa aliyakataa. Jumapili moja mchana, akiwa amelala kwenye kochi sebuleni, aliomba chai. Hakuzungukazunguka.

"Nipikieni chai kama ile ya Nyansiongo," alisema. "Kikombe kimoja tu."

Mama alipiga magoti kando yake, akamshika mkono. "Baba watoto, umebakiza hatua chache. Usije ukafungiwa mlango kwa sababu ya kikombe."

Angesema kwa ukali ningekuwa na wa kumlaumu. Alisema akilia, amemkamata mkono kama anayemvuta mtu asitumbukie mtoni. Tata akanitazama mimi. Alijua ninakunywa; aliwahi kunishika na harufu yake akacheka, akanifichia siri. Ndani ya mkoba wangu, palepale mezani, mlikuwa na vipakiti vinne vya majani nilivyobeba kutoka ofisini. Nikainamisha macho, nikaenda kumchotea maji. Aliomba tena Jumanne, kisha hakuomba. Hakufikisha wiki mbili.

Mwaka jana tuliletewa pasta mpya, kijana mtaratibu, msomi, nami sina ubaya naye. Sabato moja aliulizwa kuhusu vijana waliokuwa wakinyimwa ubatizo kwa sababu ya chai.

"Wapendwa, hilo lilikuwa ni shauri la afya," alijibu mbele ya kanisa zima. "Si sharti la kuingia mbinguni. Kila mtu afuate dhamiri yake."

Alisema hivyo kwa upole, akatangaza wimbo. Kuna waliosema amina, na mtu mmoja nyuma yangu alicheka kwa furaha. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Wetu ulikuwa umeshakata, na sasa tulikuwa tunaambiwa mti haukuwa wa kukatwa. Nilimtazama mama. Kitabu cha nyimbo kilikuwa wazi mikononi mwake lakini midomo ilikuwa imefungwa. Mpaka leo haachi kwenda, na huketi kwenye benchi lilelile la mashemasi, ila sijamsikia akiimba.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni, sufuria iko motoni. Angekwenda dukani kununua majani, Ikonge nzima ingejua kabla ya adhuhuri kwamba shemasi ameomba chai. Kwa hiyo alikuwa ametoka nyuma ya nyumba akachuma majani mabichi, yale mawili ya nchani na chipukizi lake, kwa uangalifu uleule wa kuyapeleka kituoni kupimwa kwenye mizani. Aliyachemsha na maziwa. Maziwa yalikuwa yamekatika, maji yamegeuka kijani, jiko lote linanuka nyasi.

Akamimina katika kikombe cha Tata. Akanywa, akafumba macho, akanywa tena.

"Ni chungu," alisema. "Hiki ndicho alichokuwa akililia?"

Mama alijua majani huenda kiwandani. Hakuwa amewahi kuwa na haja ya kujua yanafanywa nini huko hadi yawe chai. Na mkoba wangu ulikuwa begani, vipakiti vimo, kama siku ile. Dakika tano zingetosha kumpikia chai ya kweli, tamu, nzito, ya maziwa matupu, naye angejua hasa alimnyima nini mumewe. Nilitamani mtu mwingine awe amesimama pale badala yangu.

"Ndicho, mama," nikasema.

"Basi hakukosa kitu."

"Hakukosa kitu."

Akanisogezea kikombe. Nikaketi kwenye kigoda, nikakinywa chote, yeye akinitazama usoni.