Fedha za kina mama zimo kwenye kitabu changu cha benki

(Mwandishi wa barua hii ni msomaji wetu wa Dodoma. Jina tunalo, tumelificha kwa ombi lake.)

Mhariri, mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Shule niliishia darasa la nne, lakini msinidharau: zabibu zangu mtaa mzima unazijua, na binti yangu wa kwanza anasoma sheria chuo kikuu, Dar es Salaam. Sheria, si mchezo! Siku barua ya kumwita chuoni ilipofika nilipika pilau, nikaalika hadi watu tusiosalimiana.

Kwa ajili ya binti huyo kina mama wenzangu walinipa uweka hazina. Tuko kumi na wanane, tunachanga tununue mashine ya kusaga, maana siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu. Mwenyekiti wetu, mama wa Kondoa ninayemwita dada, alisema, "Aliyezaa mwanasheria atatuibia nini?" Vigelegele! Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Daftari siliwezi sana. Kila mwanachama nilimkatia kamba yake ya katani. Akitoa mchango, nafunga fundo. Sijakosea hata moja. Fedha za kikundi niliziweka kwenye kibuyu, zangu kwenye kopo. Panya wakaingia kibuyuni, wakatafuna pembe za noti. Nikaogopa, nikazipeleka zote benki kwenye kitabu changu, kwa sababu kufungua cha kikundi walitaka katiba na usajili, na sisi hatuna. Nikasema noti ni noti, ya nini kuzitenga kama mbuzi na kondoo?

Basi zikakaa pamoja. Nikiuza zabibu naweka humo, nikitaka mbolea natoa humo. Binti alipohitaji nauli, godoro na vitabu nikatoa humo humo, nikijua zangu zipo. Mavuno yaliyopita nikampa mnunuzi binafsi aliyekuja na lori na maneno matamu, atalipa baada ya wiki mbili. Hadi leo simwoni, wala lori silioni.

Juzijuzi binti alikuja likizo. Nikamtolea kitabu aone mama yake alivyo tajiri. Akakifungua, akakisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, za kikundi ziko wapi?"

"Si humo humo."

"Zipi?"

"Mwanangu, noti zina majina?"

"Ndiyo hilo sasa, mama. Ukifa leo, ndugu watagawana hizi kama mirathi yako. Ukishtakiwa kwa deni lako, mahakama inaweza kuzikamata zote. Na zikipungua, utaonyeshaje kwamba ulizotoa ni zako? Wataita wizi wa kuaminiwa. Watu wanafungwa."

Nikamletea kamba zangu. Akazipitisha vidoleni moja moja. "Hizi zinasema kilichoingia. Kilichotoka nani atakisema?"

Tukahesabu mafundo yote. Fedha za kitabuni hazikuyafikia, na pengo lenyewe ni kama nauli, godoro na vitabu vyake. Yeye ndiye aliyeliona kwanza. Akasema polepole, "Kwa hiyo mimi nimesomea mafundo ya kina mama."

Nikambembeleza tukae kimya hadi mavuno. Akajibu, "Ukinyamaza, nami nitakuwa nimenyamaza."

Jana nikasikia, "Hodi, mama mwanasheria!" Ni dada mwenyekiti, kaiona mashine nzuri Kizota. Mwisho wa mwezi ujao twende sote benki. "Na mwanetu huyu atatusomea mkataba," akasema akimshika binti bega. Binti akamwamkia shikamoo, macho chini, akaingia ndani.

Wasomaji, sikuiba kwa kukusudia. Kila nikisikia gari likisimama nje nadhani ni polisi. Nikisema, watadai binti kasomeshwa kwa wizi, na jina lake nililipandisha mimi mwenyewe. Nisiposema, siku ya benki itafika kabla zabibu hazijaiva. Mlioshika vya watu, nipeni neno: niwaite kina mama niwawekee kamba na kitabu mbele yao, au nihangaike kwanza na mwenye lori? Mhariri, gazeti lako husomwa kwa sauti hapa mtaani. Habari ya binti ikinitambulisha, ifute. Ila usiifute yote.

Jibuni upesi. Likizo inakwisha, naye amekataa kurudi chuoni mpaka niamue. Sanduku lake liko wazi, hajaweka hata nguo moja.