Nililazimisha RAM kwenye kompyuta ya nyumbani, binti yangu akabeba kosa

Admin, jina langu libaki kwako, maana wanangu wote wanausoma ukurasa huu na mke wangu ndiye aliyenionyesha. Mimi ni baba wa miaka hamsini na saba, mstaafu wa jeshi, asili yangu kaskazini, naishi Nateete na mke na watoto wanne. Siku hizi nasimamia walinzi kwenye bohari moja huko Nakawa. Jeshini nilikuwa kitengo cha mawasiliano, nikitengeneza redio, na hapo ndipo balaa langu linapoanzia, kwa sababu najiona naweza kufungua kila kitu chenye skrubu.

Tuna kompyuta ya mezani ya zamani. Binti yangu mkubwa, nitamwita Akello, yuko mwaka wa mwisho chuoni huko Kyambogo, anasomea kuchora ramani za nyumba. Programu yake ya kuchorea ikawa nzito mno kwa mashine ile. Akiifungua, unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi, bado inazunguka tu. Laptop mpya sikuiweza, nikamwambia tutaiongezea nguvu hii hii: diski ya kasi, na RAM, ile kumbukumbu inayoisaidia kufanya mambo mengi kwa pamoja. Alifurahi mpaka akaniandikia aina ya RAM kwenye karatasi niende nayo mjini.

Karatasi niliisahau kwenye suruali nyingine. Nikaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, nikanunua kwa kukisia. Akello aliigeuza mara moja tu mkononi. "Baba, hii haitaingia. Hii ni ya kompyuta mpya. Ona hii pengo yake, haiko pahali moja na ya yetu. Rudisha, watakubadilishia." Nikamjibu kwa jeuri, "Mimi nilikuwa nafungua redio mbele ya wewe kuzaliwa!"

Jumamosi asubuhi, Akello akiwa chuoni na mke wangu sokoni, nikaifungua kompyuta. Kweli RAM haikuingia. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikaikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili, nikasikia "ka!" na pale pa kuichomeka pakapasuka. Nikawasha, kimya. Nikachomoa, nikarudisha ya zamani, bado haiwaki, nikakaza skrubu zote, halafu nikafuta alama za vidole kwa kitambaa. Ndiyo, nilifuta. Naandika hivi uso unaniwaka.

Sasa mjue desturi ya kwangu. Watoto hawa walikulia kambini, na kila Jumapili baada ya chai tunafanya paredi sebuleni. Wanajipanga kwa umri, mkubwa upande wa kulia. Kama kuna kilichoharibika nyumbani, aliyeharibu anapiga hatua moja mbele mwenyewe, na akipiga hatua haadhibiwi. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Jumapili ile niliuliza nani kaharibu kompyuta. Hakuna aliyesogea. Mke wangu, bila nia mbaya, akasema, "Akello, si ni wewe ulifungua juzi kutoa vumbi?" Kweli Ijumaa aliifungua, tena kwa ruhusa yangu. "Mama, mimi nilipuliza vumbi tu, na baadaye iliwaka vizuri," akajibu. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikapaza sauti, "Akello, hatua moja mbele!" Hakusogea. Aliniangalia usoni akauliza taratibu, "Baba, na ile RAM uliiweka wapi?" Nikasema nimeirudisha dukani. Akasema, "Sawa, afande." Tangu azaliwe hajawahi kuniita afande. Jioni hiyo alibeba begi akahamia kwa shangazi yake, Nakawa.

Kompyuta nikaipeleka kwa fundi hapa Nateete. Alimulika ndani mara moja tu. "Ssebo," yaani bwana, "hapa mtu amelazimisha kitu na nguvu. Ni mtoto?" Nikasema ndiyo. Nimemsingizia mara ya pili, mbele ya mtu asiyemjua! Fundi akabadilisha bodi ya ndani iliyopasuka kwa nyingine ya mtumba, akaweka RAM sahihi na diski ya kasi, na sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Mke wangu anawaambia majirani nimetengeneza alichoharibu mtoto, na kila nikisikia hivyo natamani kuitupa dirishani. Inakaa pale mezani, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, na aliyetengenezewa hayupo. Nimempigia simu aje achore. "Asante afande, niko sawa huku," anasema. Kazi yake ya kumalizia chuo inatakiwa mwisho wa mwezi na anahangaika kuazima kompyuta za wenzake, zamu kwa zamu.

Nimejaribu mara mbili kumwambia mke wangu, nikaishia kumwomba chai. Najikasirikia. Miaka yote nimewasimamisha hawa watoto kwa ajili ya ukweli, leo nikikiri watanitazamaje? Najua wengi mtaandika "mzee omba msamaha yaishe." Ni rahisi kuandika. Nimfuate Akello kwa shangazi yake nimwambie peke yake, heshima yangu ibaki kwa wengine? Au niseme mbele ya wote, kama nilivyomwaibisha mbele ya wote?

Jumapili iliyopita watatu waliobaki walijipanga kama kawaida. Sikuwaambia kitu, lakini upande wa kulia waliacha nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeijaza mpaka paredi ikaisha. Kesho kutwa ni Jumapili tena. Nishaurini jamani, mimi niliyeitunga hiyo hatua moja mbele, naipigaje?