Hodi ya Baba

Juzi nilimwona mnunuzi akigongagonga ukuta wa nyumba moja mtaani Langoni, nikaingiwa na baridi ya utotoni.

Alasiri moja nikiwa mtoto, baba alimleta mnunuzi kwetu. Kila alipogonga kwa bakora yake, chokaa ilimomonyoka, vumbi likanipalia. Nilijificha nyuma ya mtungi.

Mama alimwambia mgeni kutoka nyuma ya pazia, ili asimwone: "Bwana, nyumba hini nilipewa na baba yangu nilipoolewa. Siiuzi."

Mgeni akaaga upesi, baba akatoka naye. Nilimng'ang'ania mama nikilia, nikijua baba atatufukuza.

Baada ya magharibi baba alirudi. Mlango aliozoea kuusukuma tu, siku hiyo alisimama nje, akapiga hodi. Leo ndipo ninapojua kwamba aliyeweza kufukuzwa ni yeye.