Mkalimani Wangu Amejikamatisha Mwenyewe

Jamani, leo mume wangu kajikamatisha kwa tafsiri yake mwenyewe!

Nilimpeleka kwa daktari wa tiba asili hapa mtaani kwetu Al-Safa, huku ughaibuni, nikitaka apigwe hijama, yaani aumikwe, kwa ajili ya presha yake. Daktari ni Msudani. Mimi Kiarabu sina, kwa hiyo mkalimani ni huyohuyo Athumani wangu.

Daktari akampima, akamhoji kuhusu dawa zake, kisha akaongea weee! Athumani akanigeukia: "Amesema leo hakuna hijama."

"Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

Akajikuna kisogo. "Anasema presha imepanda mno. Yeye amesomea hijama na mashauri ya chakula, na leseni yake inaishia hapo. Kumwachisha mtu vidonge vya hospitali haruhusiwi."

"Kwani nani kakuachisha vidonge?"

Akanishika mkono.

"Wewe, mpenzi. Tangu tuoane unanichemshia majani ya mlonge kila asubuhi. Nikaona nikimeza na vidonge nitakuwa nakudharau."

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumfinya!

Daktari hakuhitaji mkalimani. Alitutazama, akacheka, akatuonyesha mlango: "Hospitali, yalla!"

Tumerudi kutoka hospitali sasa hivi. Mlonge umesimamishwa kwanza, vidonge vimerudi. Nimemwekea kimoja kwenye kisahani chetu cha harusi, na glasi ya maji.

"Na hiki nacho ni chako, kama mlonge?" akaniuliza.

"Changu. Meza, baba."

Akameza, macho yote kwangu.

Mashoga zangu, mume wa hivi anagombezwa au anabusiwa? Mimi nimefanya yote mawili.