Ushahidi Wangu juu ya Kelele za Kashikishi

Nilikuwa mjane wa miaka miwili wakati wanawake watatu wa kanisa walipokuja nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Walikuja mchana, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, na mmoja alibeba kikapu cha viazi vitamu. Nilipoona viazi nikajua wamekuja kukaa, si kupita. Nikatandika mkeka, nikawamiminia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi kisicho na pombe. Nilimwaga kidogo. Muda mrefu sikuwa nimemimina vikombe vinne.

Nyumba yangu ilikuwa nyuma ya Mustari. Ndivyo tulivyoita safu ya vibanda vya pombe iliyoanzia soko la samaki la Kashikishi ikashuka mpaka ufukweni mwa ziwa, mahali mitumbwi inapofungwa. Mchana palikuwa na wanawake wakichuja pombe na kuku wakiokota machicha. Jua likizama, wavuvi waliouza samaki wao walikuja kukaa pamoja na wachuuzi waliovuka kutoka upande wa Kongo. Gramafoni ikapigwa, watu wakacheza. Kibanda cha mwisho na ukuta wangu wa nyuma viliachana hatua tatu.

Mume wangu alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, wa Kilwa ile ya Kongo. Mimi nilizaliwa upande huu, Mofwe, nikakua na Kibemba. Tulipojuana yeye hakujua lugha yangu wala mimi yake, basi tukakutana kwenye Kiswahili cha soko, na tulipooana hatukuhama hapo. Tuligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Mtoto wetu wa pekee, aliyeishi mvua moja tu, aliitikia jina lake kwa lugha hiyo. Homa ilipomchukua mume wangu, ndugu zake walivuka, wakazika, wakarudi kwao. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenisemesha Kiswahili isipokuwa kuniuliza bei ya samaki.

Wale wanawake walizungumza Kibemba, kama sisi sote pale.

"Mama, siku hizi unalala?" aliuliza mkubwa wao.

"Kidogo," nikasema.

"Utalalaje karibu na watu wale?"

Wakanieleza. Wiki iliyopita mvuvi mmoja alivunjwa mkono kwa kasia kwenye Mustari. Sasa baraza la mfalme wetu lilitaka vibanda vifungwe jua likizama, gramafoni zizuiwe kabisa, na kila mwanamke anayeuza pombe bila mume arudishwe kijijini kwake. Baraza lilitaka shahidi asiyekunywa, anayekaa karibu, mtu wa heshima.

"Utatusemea?" aliuliza.

"Nitasema," nikajibu.

Sitaficha. Niliposema vile sikufikiria pombe wala ngoma. Nilifikiri kwamba wakipata neno langu watarudi. Na kweli walirudi. Jumapili walipitia kwangu, tukaenda kanisani pamoja, nikakaa katikati yao, bega kwa bega. Nilisikia joto la watu pande zote mbili, nikaimba kwa sauti kuliko kawaida yangu.

Wakati huo baraza lilikuwa limeamuru vibanda vifungwe kwanza, mpaka kesi isikilizwe. Makapaso, askari wa mfalme, walipita jioni na fimbo zao, wakahakikisha kila mlango umefungwa. Jioni ya kwanza nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nitalala kama mtoto.

Sikulala. Nilisikia ziwa, na panya kwenye dari la majani. Jioni ya pili hali ilikuwa ileile. Ya tatu nikajikuta nimekaa kitandani, nimetega sikio kwenye ukuta, nangoja. Ndipo nilipojua nilichokuwa nikingoja. Miaka miwili, kila usiku, nyuma ya ukuta ule wachuuzi wa ng'ambo walikuwa wakibishana kwa Kiswahili: habari za nyavu, za wake zao, za forodha, maneno ya ovyo. Mimi nilikuwa nalala katikati ya maneno yao na sikujua kwamba ndiyo yaliyokuwa yananilaza. Nilisema peke yangu, kwa sauti, "Funga mulango, baridi inaingia." Hakuna aliyefunga. Mlango ulikuwa umefungwa tayari.

Siku chache kabla ya baraza, mwanamke wa kibanda cha mwisho alikuja. Yeye pia alitoka ng'ambo, hakuwa na mume, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa majivu na maji ya moto. Tulikuwa majirani muda wote ule, tukisalimiana tu kwa kichwa. Hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni.

"Mama, nasikia wee njo shahidi," alisema kwa Kiswahili cha kwao.

"Ndiyo."

"Sikuje kukuomba useme bongo, udanganye bazee. Sema tu kile unasikia."

"Wakikurudisha, utaenda wapi?"

Alifikiri kidogo. "Kwetu bote balikufa. Batanirudisha kwa nani?"

Kisha akaenda. Nilitamani kumwita, nimwambie aendelee kusema, hata kama ni kunitukana. Sikumwita.

Baraza lilikaa asubuhi katika nyumba ya mahakama. Wazee watano mezani, karani na kitabu chake, na wanawake wa kanisa kwenye benchi la mbele. Waliniwekea nafasi. Wanawake wa Mustari walikaa nje, chini, karibu na dirisha.

Nilipoitwa, mzee wa katikati aliniuliza, "Unakaa nyuma ya vibanda?"

"Ndiyo, tata," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu.

"Unasikia kelele?"

"Nazisikia. Kila siku, miaka miwili."

Benchi la mbele walitikisa vichwa kwa huruma.

"Na tangu vifungwe, umepumzika?"

"Hapana, tata. Tangu vifungwe sijalala."

Karani aliinua kalamu. Mzee akadhani sikumsikia, akarudia swali. Nikarudia jibu.

"Unakunywa pombe, mama?"

"Sijawahi."

"Basi pombe yao inakusaidia nini?"

Nilitaka kumjibu kwa Kibemba, kama nilivyoanza, lakini Kiswahili kikanitoka chenyewe. "Pombe hainisaidie kitu. Batu njo bananisaidia. Nabasikia banazungumuza, najua siko peke yangu mu dunia."

Mzee mmoja aliyewahi kuuza samaki ng'ambo alinielewa, akawatafsiria wenzake. Yule wa katikati akaniangalia. "Hiyo ni lugha ya soko, mama. Hapa tuko mahakamani."

"Kwenu ni ya soko," nikasema. "Kwangu ilikuwa ya nyumba."

Nikasema pia kwamba mkono ulivunjwa na mtu mmoja, na huyo anajulikana, na waliokuwa wanacheza hawakumshikia kasia. Nilipogeuka, nafasi yangu kwenye benchi ilikuwa imejaa. Walikuwa wamesogea tu kidogo kidogo, kila mmoja, mpaka ikaisha. Nikatoka nje.

Wazee walijadiliana mpaka jua likawa utosini. Waliamua vibanda vifunguliwe, lakini vifungwe saa tatu usiku, kapaso apite kutangaza. Gramafoni iruhusiwe Jumamosi peke yake. Wanawake wasio na waume wabaki, kila mmoja akate leseni. Aliyevunja mkono alitozwa faini. Hayakuwa yote waliyoyaomba wanawake wa Mustari, lakini walipiga vigelegele mpaka sokoni.

Jioni ile mwanamke wa kibanda cha mwisho alikuja kunishika mkono. "Leo utakaa na siye, mama." Nikaenda. Walinipa kigoda kizuri, wakanimiminia munkoyo waliouandaa kwa ajili yangu. Wavuvi waliokuwapo walisimama kunisalimu. Kisha wakakaa, wakanyamaza. Mmoja alianza kusimulia kitu, akanitazama, akakiacha. Wachuuzi wawili wa ng'ambo walishusha sauti kama watu walio msibani. Walikuwa wananiheshimu. Nilikuwa mama wa kanisa, mjane, aliyewaokoa, na mbele yangu hawakuweza kuzungumza kama watu.

Nikamaliza kikombe, nikashukuru, nikasema nimechoka. Nilipofika kitandani niliwasikia nyuma ya ukuta wanacheka, sauti zimepanda, wanabishana juu ya mtumbwi wa nani ulio mwepesi. Nikalala kabla kapaso hajapita.

Hapo katikati ndipo nilipobaki kwa miaka iliyofuata. Kanisani nilikaa nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisogelea. Kwenye Mustari walinisalimu kwa magoti, nami nikapita.

Mvua ziliponyesha, mdogo wa wale wanawake watatu, yule aliyebeba viazi, alikuja kwangu kwa njia ya nyuma kuomba chumvi. Mume wake alikuwa mgodini, mwaka wa pili, na barua hazikuja. Nilimpa chumvi. Hakuondoka. Alikaa mkekani, chumvi mapajani, mpaka kulipoanza kuingia giza na watu wakaanza kuzungumza upande wa pili wa ukuta.

"Wanasema nini?" aliuliza.

Nikamtafsiria. Wanasema bei ya nyuzi za nyavu imepanda. Wanasema mmoja wao mke wake amezaa pacha. Alisikiliza, akanyoosha miguu.

"Kwetu kule ni kimya sana," alisema, akafunga chumvi yake katika pindo la kitenge na kwenda.